Mahali Heshima Inapokoma

Ikiwa umepata kukaa mashambani katika Kitui au Makueni, ewe msomaji, bila shaka umeiona siku ya kupokewa kiongozi wa dini. Tangu alfajiri wanawake hufagia njia na kuinyunyizia maji ili vumbi jekundu litulie, na maji yenyewe katika nchi ile aghalabu hutoka mbali, mgongoni mwa mtu au juu ya punda. Mbuzi hufungwa chini ya mti, magunia ya mahindi na ndengu hupangwa mbele ya kanisa, na gari la mgeni lionekanapo vigelegele hupaa. Kisha hufuata tendo ambalo kila nilionapo hunitia mawazo mawili. Akina mama hutoa leso mabegani mwao na kuzitandika chini, moja baada ya moja, toka mlango wa gari hata mlango wa kanisa, ili mtumishi wa Mungu asikanyage udongo.

Wazo la kwanza huniambia kuwa hii ni adabu njema. Watu wasio na zulia wametandika walicho nacho, na heshima yao yapita heshima ya zulia, maana leso ile kesho itafungwa kiunoni na kubebea mtoto. Wazo la pili sikulizaa mimi. Nililisikia kwa kijana wa sekondari aliyesimama karibu nami siku moja, akauliza kwa sauti iliyosikika na watu kumi: "Je, hii si ibada ya sanamu?" Mzee mmoja akamkemea anyamaze. Kijana akanyamaza, lakini swali halikunyamaza. Nataka tulichunguze pamoja, na katika kulichunguza tutapima maneno ya mwandishi mmoja mkubwa aliyezaliwa katika udongo ule ule.

Mwandishi huyo ni John Samuel Mbiti. Alizaliwa mwaka 1931 katika Mulango, karibu na mji wa Kitui. Alisoma Alliance High School na Makerere, akaenda Marekani na Uingereza, akapata shahada ya udaktari katika Cambridge mwaka 1963, akawa kasisi wa Kianglikana. Toka mwaka 1964 hata 1974 alifundisha Makerere, kisha akahamia Uswisi, ambako alikuwa mwalimu na mchungaji wa kanisa, akafariki mwaka 2019. Mwaka 2014 Wakamba walipata tafsiri yake ya Agano Jipya, aliyoifanya kutoka katika Kigiriki chenyewe bila kupitia Kiingereza. Lakini kitabu kilichomtangaza duniani kote kilitoka mwaka 1969, nacho chaitwa African Religions and Philosophy, yaani Dini na Falsafa za Kiafrika. Msomaji wa Kiswahili atafurahi kuona kwamba Mbiti, alipotafuta majina ya kueleza jinsi Mwafrika anavyouhesabu wakati, aliacha maneno ya Ulaya akachukua mawili ya lugha yetu, sasa na zamani, akayaingiza katika Kiingereza bila kuyatafsiri.

Kuna shauri moja katika kitabu hicho ambalo latuhusu. Waandishi wengi wa Ulaya walikuwa wamesema kwamba Waafrika huwaabudu wazee wao waliokufa. Waliona mtu akimwaga pombe kidogo chini kabla ya kunywa, au akitenga tonge la chakula kwa ajili ya babu aliyezikwa, wakaandika neno ibada. Mbiti aliukataa usemi huo kwa ukali usio wa kawaida yake. Alisema kwamba wazee hao, ambao aliwaita wafu walio hai kwa kuwa majina yao bado yatajwa na watu waliowajua, hawaabudiwi hata kidogo. Hupewa chakula kama mtu wa nyumbani apewavyo chakula, kwa udugu na ukarimu na heshima. Tena alisema kuita jambo hilo ibada ni karibu na kumkufuru Mungu, kwa maana Waafrika wenyewe wanajua kwamba hawawaabudu jamaa zao.

Shauri hili lina nguvu, nalo lilihitajiwa. Fikiri juu ya mathembo, yale mahali patakatifu pa Wakamba penye miti mikubwa ya jamii ya mkuyu, ambapo wazee walitoa sadaka mvua ilipokawia. Wamisionari waliotangulia walipita wakaona mti, pombe na damu ya mbuzi, wakasema watu hawa huabudu mti. Kumbe maombi yaliyosemwa pale yalimtaja Ngai, au Mulungu, au Mumbi, yaani Muumba. Aliyeuona mti hakuyasikia maombi. Hilo ndilo funzo kubwa la Mbiti, kwamba tendo halihukumiwi kwa umbo lake peke yake. Goti ni goti. Mwana hupiga goti mbele ya baba katika makabila mengi ya Afrika Mashariki, na bibi harusi hupiga goti, na fundi wa baiskeli naye hupiga goti kila siku mbele ya gurudumu, wala hakuna aliyemshtaki.

Basi tukimpa Mbiti kesi ya leso, jibu lake twaweza kulikisia. Atasema: waulizeni akina mama. Nao watajibu kwa mshangao kwamba wanamwabudu Mungu peke yake, na huyu ni mgeni wao tu. Kesi imekwisha.

Walakini hapa ndipo ninapoona ufa. Mbiti aliegemeza sehemu kubwa ya hoja yake juu ya ujuzi wa mtendaji mwenyewe: hawaabudu, kwa kuwa wanajua hawaabudu. Lakini ni nani duniani amepata kukiri kwamba anaabudu sanamu? Neno hilo siku zote ni la mtu mwingine. Mwenye sanamu huiita mungu, au kumbukumbu, au zawadi ya mababu, au mtumishi wa Bwana. Ikiwa ushahidi wa mshitakiwa ndio ushahidi wote, hapana mtu atakayepatikana na hatia hata siku ya mwisho. Mbiti alikuwa akiwatetea wafu, na wafu hawana mikono ya kupokea magunia. Kiongozi aliye hai anayo. Hoja iliyowatosha wazee waliozikwa haimtoshi mtu ashukaye katika gari.

Biblia, ambayo Mbiti alilitafsiri Agano lake Jipya kwa ajili ya watu wake, ina kisa kinachoonyesha ufa huo vizuri kuliko niwezavyo mimi. Katika kitabu cha Hesabu, Waisraeli wanaumwa na nyoka jangwani, na Musa, kwa amri ya Mungu mwenyewe, anatengeneza nyoka wa shaba na kumweka juu ya mti, na kila amtazamaye anapona. Angalia vema: kitu kile hakikuletwa na wapagani. Kiliamriwa na Mungu, kikatengenezwa na nabii, kikaponya watu. Hapana kitu kilichostahili kutunzwa kuliko hicho. Nao wakakitunza. Karne nyingi zikapita, na katika kitabu cha pili cha Wafalme twamkuta mfalme Hezekia akikivunja vipande vipande, kwa sababu Waisraeli walikuwa wamezoea kukifukizia uvumba. Kikaitwa Nehushtani, jina lenye maana ya kipande cha shaba tu.

Ni siku gani heshima ya kumbukumbu iligeuka kuwa ibada? Mwandishi wa kitabu hakutaja. Nadhani hakutaja kwa kuwa siku yenyewe haikuwako. Mama alimpeleka mtoto akatazame kitu kilichomponya babu yake. Mtoto alipokua akapeleka ua, na mwanawe akapeleka uvumba, wala hakuna mmoja wao aliyeamka asubuhi akasema, leo naacha kumheshimu Mungu wa Musa. Wote wangeulizwa, wote wangejibu kama akina mama wa leso. Ndiyo maana nasema kwamba kuwauliza wenyewe hakutoshi.

Tutapima kwa nini basi? Nashauri tuyatazame maneno yenyewe, maana lugha zetu mbili zimeficha humo busara fulani. Kikamba huiita heshima ndaia. Ndaia hupewa mzee, mgeni, mwalimu, mkwe, na hapana anayeona haya kuipokea. Kuabudu ni kuthaitha, na neno hili ndani yake mna kusihi na kubembeleza, kama afanyavyo mtu ambaye hana mlango mwingine wa kubisha. Kiswahili kwa upande wake kimechukua neno kuabudu katika Kiarabu, ambako jamaa yake wa karibu ni neno lenye maana ya mtumwa. Kuabudu ni kuwa mtumwa. Hivyo lugha moja yauliza: unamsihi nani pasipo mlango mwingine? Na lugha ya pili yauliza: ni nani ambaye huwezi kumwambia hapana?

Haya maswali mawili nayaona bora kuliko swali la magoti, na bora kuliko swali la nia. Mtu aweza kujidanganya juu ya nia yake, lakini si rahisi kujidanganya juu ya jambo alilofanya mwanawe alipougua. Je, alimpeleka hospitali na kumwomba mchungaji amwombee? Hapo mchungaji ni mwombezi, naye astahili ndaia yake na kikombe cha chai. Au alisubiri ruhusa ya mchungaji ndipo ampeleke? Hapo, hata kama hapana leso hata moja iliyotandikwa, mtumwa amekwisha kupatikana.

Tusifikiri kwamba Wakristo wa kale hawakulijua tatizo hili. Katika Matendo ya Mitume, Kornelio, mkuu wa askari, anaanguka miguuni pa Petro, na Petro anamwinua akimwambia kwamba yeye pia ni mwanadamu. Katika mji wa Listra jambo lilikuwa kubwa zaidi. Paulo alimponya kiwete, na watu wakapiga kelele kwamba miungu imeshuka, wakampa Barnaba jina la Zeu na Paulo jina la Herme, na kuhani akaleta ng'ombe na mashada ya maua. Mitume wakararua mavazi yao, wakarukia katikati ya watu wakiwasihi waache. Hata hivyo ilikuwa taabu kuwazuia. Kinachonigusa katika kisa hiki ni mwendo wake wa haraka, kwa kuwa katika mistari michache tu umati ule ule, ukichochewa na wageni, unampiga Paulo kwa mawe na kumburura nje ya mji. Waliotaka kumchinjia ng'ombe ndio waliookota mawe. Mtu aliyefanywa mungu haruhusiwi kuwa mtu tena, na akionekana ni mtu, kosa hilo hasamehewi.

Katika visa vyote viwili kipimo ni kimoja, nacho kipo upande wa mpokeaji. Petro aliinua. Paulo alirarua. Heshima ilipozidi kimo cha mwanadamu, waliirudisha wenyewe kabla ya kuambiwa. Tena huyu Petro, aliyekuwa mkuu wa mitume, alilaumiwa na Paulo uso kwa uso huko Antiokia, mbele ya watu wote, na habari hiyo ikaandikwa katika waraka kwa Wagalatia, ikasomwa makanisani, hata leo yasomwa. Kanisa lile liliweza kumheshimu Petro na kuyahifadhi makosa yake katika kitabu kimoja.

Ndugu zetu Wakatoliki, ambao katika nchi hii wana majimbo ya Kitui na Machakos, na tangu mwaka 2023 jimbo jipya la Wote kwa ajili ya Makueni, wana elimu ya zamani juu ya jambo hili. Mtaguso wa pili wa Nikea, mwaka 787, ulikutana kwa sababu ya ugomvi wa picha takatifu, ukaamua kwamba heshima ipewayo picha humwendea yule aliyechorwa, lakini ibada yenyewe ni ya Mungu peke yake. Wakatoliki hutumia maneno mawili yenye asili ya Kigiriki, latria kwa ibada na dulia kwa heshima ya watakatifu. Waprotestanti wengi wamekataa mpango huo wakisema mkulima hawezi kuzitenga latria na dulia akiwa amepiga magoti. Mimi naona pande zote mbili zina neno la kujibu, kwa maana Mprotestanti aliyeondoa picha ya mtakatifu ukutani mara nyingi ameitundika ya mhubiri wake mahali pale pale, penye msumari ule ule. Mtakatifu wa ukutani alikuwa na faida moja: amekwisha kufa, hawezi kuongeza amri.

Tuitazame sasa historia ya pale pale nyumbani. Mwishoni mwa mwaka 1895 kijana wa Kiskoti, Peter Cameron Scott, alifika Nzaui, katika Makueni ya leo, akaanzisha kituo cha kwanza cha Africa Inland Mission. Mwezi wa Desemba mwaka 1896 alikuwa amekufa kwa homa, umri wake miaka 29. Wenzake walikufa au walirudi, hata misheni ikakaribia kuzimika, lakini haikuzimika, nayo ndiyo iliyozaa Africa Inland Church, kanisa kubwa la Ukambani. Wamisionari wa kanisa hilo walikataza kumwagia wafu pombe, na waumini wakatii. Mwaka 1962 kikafunguliwa katika Machakos chuo cha kufundishia wachungaji, na chuo kikapewa jina la Scott, nalo bado li katika jina la chuo kikuu kilichozaliwa humo. Silaumu. Ni jambo jema. Lakini angalia, msomaji, jinsi hoja ya Mbiti inavyofanya kazi kwa upole: watu waliokataza kumkumbuka mfu kwa kibuyu wakamkumbuka mfu wao kwa kibao cha mlangoni, na hakuna aliyesema ni sanamu. Wala si sanamu. Kadhalika Syokimau, nabii wa kike wa Wakamba ambaye masimulizi husema alitabiri nyoka mrefu atakayepita nchini kabla ya reli kujengwa, jina lake limepewa kituo cha reli kilichofunguliwa mwaka 2012. Abiria hukata tiketi pale, wala hapana afukizaye uvumba.

Kisa cha Ndonye wa Kauti ni kigumu zaidi. Mtu huyu alitokea katika milima ya kusini ya Machakos, sehemu ambayo sasa ni Makueni, katika miaka ya 1921 na 1922. Alisema kwamba Mungu alikuwa amesema naye, na kwamba siku zaja ambapo kodi na utawala wa Wazungu vitaondoka. Watu walimiminika kwake, na mwaka 1922 serikali ikamkamata na kumpeleka mbali na kwao. Wasomaji wengine humhesabu kuwa mwongo aliyejifanya mungu mdogo, na wengine humhesabu kuwa shujaa. Sitaki kuamua kwa haraka. Watu waliomfuata walikuwa na kodi ya kweli mabegani na kazi ya kushurutishwa, nao walipata sikio la kusikiliza mzigo huo mahali ambapo si bwana shauri wala mmisionari alikuwa tayari kuusikiliza. Hapa nakumbuka jambo ambalo wahubiri wa sanamu hulisahau: watu hawamwinui mtu mmoja hata mbinguni kwa upumbavu tu. Humwinua zaidi pale milango mingine ifungwapo. Palipo na mahakama ya haki, zahanati yenye dawa na mvua ya kutosha, nabii huwa mtu wa kuheshimiwa kama wengine. Pasipo na hivyo, husihiwa kwa machozi, nasi tumekwisha kuona katika Kikamba kwamba kusihi na kuabudu ni neno moja.

Kitui na Makueni ni nchi kavu. Wazee waliipa kila njaa jina lake, na ile kuu ya miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa waliiita Ngomanisye. Watu wa nchi hiyo hawahitaji kufundishwa njaa ni nini. Ndiyo sababu habari zilizotoka Kilifi mwaka 2023 ziliwafadhaisha kama zilivyofadhaisha dunia. Katika msitu wa Shakahola makaburi yalifukuliwa, ikatolewa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja, na wengi wao, watoto pamoja, walikuwa wamekufa kwa njaa. Serikali ilishtaki kwamba walifundishwa kufunga kula mpaka kufa ili wamwone Yesu, naye mhubiri alipofikishwa mahakamani alikana mashtaka. Uamuzi wa mashtaka hayo ni kazi ya mahakimu. Lakini kuna jambo moja ambalo msomaji aweza kulitafakari bila kungoja hukumu. Waliokwenda msituni walikuwa Wakristo. Waliisoma amri ya kutojifanyia sanamu. Yamkini katika nyumba zao hapakuwa na picha wala kinyago. Kama mtu angewauliza wanamwabudu nani, wangelijibu sawasawa.

Hapo ndipo kipimo cha nia kinapovunjika kabisa mikononi mwetu, na hapo ndipo ninapotamani Mbiti angaliandika sura moja zaidi. Alikuwa na elimu yake, na kwa kweli mbegu yake imo kitabuni. Katika maelezo yake juu ya wafu walio hai hasemi tu kwamba watu wanajua hawawaabudu. Asema pia kwamba wafu hao ni wa katikati: hupokea neno la jamaa na kulipeleka mbele, kwa Mungu. Husaidia kwa kuwa wao si mwisho wa njia. Tena hukasirika, na watu huwasema, na huombwa waende zao. Mzee aliyekufa katika Ukambani wa kale aliweza kuambiwa na mjukuu wake: tumekupa, sasa tuache tulale. Huyo si mungu. Ni babu msumbufu. Mbiti angeukaza uzi huo, angetupa kipimo kilicho bora kuliko kile alichokitilia mkazo, nacho kingewafaa walio hai kuliko kilivyowafaa wafu: je, heshima hii yapita kwenda mbele, au yakwama kwa mpokeaji? Na je, mpokeaji aweza kuambiwa yatosha?

Okot p'Bitek, mshairi na mtaalamu wa Uganda, alimlaumu Mbiti na wenzake katika kitabu kilichotoka mwaka 1970, akisema wameivika miungu ya Afrika kanzu za Kigiriki ili ipendeze machoni pa wasomi wa Kikristo. Lawama hiyo ni kali, nami nadhani ina nusu ya ukweli, maana Mbiti alipowatetea wazee wake alikuwa na jicho moja juu ya jaji wa Kizungu. Mtu atetewaye mbele ya jaji wa namna hiyo huoshwa mno. Ndiyo maana babu msumbufu aonekana kwa shida katika kitabu, na babu mpole aonekana kila mahali. Kwa swali letu babu msumbufu ndiye mwenye thamani, kwa kuwa ndiye aliyeweza kukemewa.

Nawe usije ukatoka hapa ukiwa polisi wa leso. Nimewaona vijana waliosoma kidogo wakidharau kila tendo la adabu kwa jina la dini safi, wakikataa hata kumwamkia mchungaji mzee, huku wao wenyewe wakimfuata mhubiri wa mjini kwa kila neno kwa kuwa yeye huvaa suti na kuwaita marafiki. Yule mwanamke Mshunami katika kitabu cha Wafalme alimjengea Elisha chumba juu ya nyumba, akamwekea kitanda, meza, kiti na taa. Hiyo ni heshima kubwa kuliko leso, na hapana aliyemlaumu. Lakini mwanawe alipokufa alimshika Elisha miguu na kumwuliza kwa uchungu: je, mimi nilikuomba mwana? Alimlaumu nabii usoni. Mtumishi Gehazi akataka kumsukuma, na Elisha akamwambia amwache. Sijui kisa kingine kinachoonyesha vizuri hivyo mwanamke mwenye kumheshimu mtu wa Mungu bila kuwa mtumwa wake.

Gehazi wa siku ile niliyokusimulia alikuwa mzee aliyemkemea kijana. Ibada ilipokwisha nilimtafuta, nikamwuliza kwa upole kwa nini alimnyamazisha. Alinitazama kwa muda, kisha akaniambia kwamba swali la kijana halikuwa baya, hata yeye amepata kujiuliza, lakini mgeni alikuwa amekaribia, angeweza kusikia.

Nikamwuliza angesikia ingekuwaje. Mzee akacheka, akatikisa kichwa, akaenda kusaidia kupakia mbuzi garini.